Ulezi wa Porini
Shamba la babu la chini, upande wa Himo, jembe liligonga mawe kabla halijazama lote. Mvua ya asubuhi, jioni vumbi: maji yote yamekwenda chini. Kihamba, shamba la nyumbani lenye migomba, kilikuwa juu mlimani. Huku porini tulilima ulezi, baadaye mahindi na maharage.

Ulezi ule uliishi kwa mifongo, mifereji ambayo Wachaga waliichimba kutoka makorongoni kabla Wajerumani hawajapandisha bendera Moshi. Mfongo ulikuwa mali ya ukoo wa mchimbaji. Wengine walipewa zamu ya maji, na aliyekwepa kazi ya kuzibua alitozwa faini. Babu alisema zamu ya usiku ndiyo iliyozaa ugomvi.

Bila ulezi hakuna mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa hiyo siwaelewi wanaosimulia historia ya Uchaga kwa migomba na kahawa tu, kana kwamba ilianza na chama cha ushirika cha kahawa, KNCU, mwaka 1933. Hata mbolea ilikwenda kwa migomba: ng'ombe walifungwa juu. Akina mama walipandisha majani vichwani kutoka porini, samadi ikabaki kihambani. Shamba la chini halikurudishiwa kitu, na bibi alilalamikia hilo kila msimu wa kupanda.