Majina Yaliyosimama Peke Yake

Ndugu zangu tuliosoma pamoja, nanyi vijana mlioko madarasani leo, siku hizi historia ya ukoo huandikwa hata katika intaneti. Katika mti wa pamoja kama WikiTree, ulioanza mwaka 2008, watu wasiojuana huujenga mti mmoja. Humo huruhusiwa pia kumwandika marehemu ambaye bado hajaunganishwa na mtu yeyote. Wapo wanaodhani jina la namna hiyo ni takataka. Mimi nasema kwetu Kagongwa lina faida kubwa.

Kwanza, tuitazame historia yetu. Reli ya Tabora hadi Mwanza ilikamilika mwaka 1928 ikipita Isaka, jirani zetu. Mgodi wa Geita ukavuta vibarua tangu miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966. Kisha Oparesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976 ikahamisha kaya nyingi. Koo zikatawanyika, makaburi yakabaki mahameni.

Pili, majina yenyewe. Pacha huitwa Kulwa na Doto, anayewafuata huitwa Shija, na aliyezaliwa wakati wa mvua huitwa Mabula. Kwa hiyo akina Shija Kulwa wawili wa kijiji kimoja huenda wasiwe na undugu wowote. Tena baba mdogo naye twamwita baba. Anayeunganisha watu kwa kufanana majina tu humzulia marehemu wazazi, na wengine wakaunakili uongo huo.

Bibi yangu alizoea kumtaja mzee mmoja aliyekwenda Geita kuwa ni "ndugu yetu", akafariki bila kueleza undugu huo. Mzee huyo nimemwandika peke yake: jina lake, mahali, miaka ya kukisia, kazi aliyoifanya mgodini, na nani aliyenisimulia. Sikumpachika tawi lolote. Huenda mjukuu wake akamtambua kesho, akaleta nusu ya habari iliyobaki. Nisingemwandika, kumbukumbu hiyo ingezikwa pamoja nami.

Basi vijana, likizo ijayo ketini na wazee, kalamu mkononi. Andikeni majina ya marehemu, hata yale msiyojua pa kuyaweka. Ya walio hai yaacheni, maana hayo ni ya wenyewe. Sisi wa masjala twajua: jalada pungufu hukamilishwa siku moja, lakini lililotupwa halirudi.