Taarifa kwa Umma na Sifa ya Mtumishi: Somo kutoka Ufipa

Katika kila wilaya ya nchi yetu yapo maswali mawili ambayo kada wa Chama hana budi kujiuliza. Kiongozi wa wilaya anatoa taarifa ya kazi yake kwa nani? Na mtumishi wa umma anasifiwa na nani? Wengi huyaona maswali haya kuwa ni ya utaratibu tu wa ofisi. Sisi tunasema kuwa ni maswali ya siasa, kwa sababu mtumishi humtumikia yule anayempima. Historia ya Sumbawanga na uwanda wa juu wa Ufipa inatuonyesha jambo hili waziwazi.

Kabla ya ukoloni, uwanda huo ulioko kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa ulikuwa na dola mbili, Nkansi na Lyangalile, kila moja chini ya mwene wake. Hatusemi kwamba palikuwa na usawa. Mwene na watu wake walikula jasho la wakulima. Lakini kazi yenyewe ilikuwa na kipimo chake. Mfipa alilima kwa ntumba, yaani matuta ya mviringo ambamo majani hufukiwa yaoze na kuirutubisha ardhi. Majani yaliyofukiwa hayaonekani, lakini wakati wa mavuno kila jirani anajua nani alifanya kazi na nani alipita tu shambani.

Wajerumani walipokuja waliweka boma lao Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika, wakaliita Bismarckburg. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliichukua nchi, na hatimaye makao ya wilaya yakawa Sumbawanga. Mkuu wa wilaya wa Kiingereza, ambaye wananchi walimwita Bwana Shauri, alizunguka vijijini na kuitisha baraza. Watu walikusanywa wakasomewa amri: kodi ya mwaka, kazi za barabara, sheria za kilimo. Je, hiyo haikuwa taarifa? Haikuwa. Ilikuwa ni tangazo. Taarifa yake halisi aliiandika kwa Kiingereza akaipeleka kwa wakubwa wake, na mkulima aliyelipa kodi hakuambiwa imetumikaje.

Sifa nayo ilifuata njia ile ile. Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya 1926, iliyopitishwa wakati wa Gavana Donald Cameron, iliwageuza machifu kuwa watumishi wa serikali ya kikoloni wenye mshahara. Chifu aliyekusanya kodi kwa ukamilifu alisifiwa, na ilikuwapo hata nishani ya mfalme wa Uingereza kwa ajili ya machifu wa Kiafrika. Nishani hiyo ilitoka juu, na aliyeivaa alijua vizuri ni nani wa kumpendeza. Tarishi aliyetembea siku nzima na barua, na mhudumu aliyefunga vidonda vya watu, hawakuwa na wa kuwataja.

Uhuru ulibadilisha mambo makubwa. Mwaka 1962 Bwana Shauri aliondoka, na mahali pake akawekwa mwanasiasa mzalendo ambaye alikuwa pia Katibu wa TANU wa wilaya. Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa kwa sheria. Azimio la Arusha la 1967 lilimfunga kiongozi kwa masharti ya uongozi, na Mwongozo wa 1971 ukakataza kiongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu. Mwanachama wa TANU aliahidi kwamba cheo ni dhamana. Dhamana ina mwenyewe, na mwenye dhamana hiyo ni umma.

Hata hivyo, hatuna budi kuukabili ukweli. Mwaka 1972 ulianza mpango wa Madaraka Mikoani, ulioandaliwa kwa msaada wa washauri wa kampuni ya Kimarekani ya McKinsey. Shabaha ilikuwa njema, yaani kuwapeleka wataalamu karibu na wananchi. Mkoa wa Rukwa wenyewe ulizaliwa mwaka 1974, Sumbawanga ikiwa makao yake makuu. Lakini mpango huo uliziondoa halmashauri za wilaya. Mtaalamu alisogea karibu na kijiji, ila taarifa yake ikaendelea kupanda mkoani na Dar es Salaam. Watumishi walikuja, uwajibikaji haukuja nao. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri kwamba kufuta serikali za mitaa na vyama vya ushirika lilikuwa kosa ambalo asingelirudia.

Wakati huo Rukwa ilikuwa inaingia katika orodha ya mikoa minne mikubwa ya mahindi, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma. Nani aliifikisha hapo? Ni mkulima kwanza. Lakini nyuma yake walikuwapo bwana shamba aliyetembea kwa miguu kutoka kijiji hadi kijiji, karani wa ghala, mwalimu wa elimu ya watu wazima, na dereva wa lori katika barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, ambayo iliwekwa lami miaka ya 2010 tu. Taarifa ya mkoa iliandika idadi ya magunia. Watu hawa haikuwaandika.

Sheria za 1982 zilirudisha serikali za mitaa, nazo zikaanza kazi mwaka 1984. Leo mkutano mkuu wa kijiji una haki ya kusomewa mapato na matumizi kila miezi mitatu. Mkuu wa Wilaya bado huteuliwa na Rais, na hutoa taarifa ya utekelezaji wa Ilani katika vikao vya Chama. Mei Mosi hutolewa zawadi kwa mfanyakazi bora, na Juni 23 ni siku ya utumishi wa umma barani Afrika. Vyombo tunavyo. Swali ni namna tunavyovitumia.

Kwa maoni yetu, mambo matatu yanafuata. Kwanza, taarifa isiyoruhusu swali ni baraza la Bwana Shauri lililovaa nguo mpya. Kiongozi aseme kilichoahidiwa, kilichofanyika, kilichoshindikana na sababu yake, kisha akae asikilize. Pili, mtumishi bora asichaguliwe na wakubwa wa ofisi peke yao. Mkunga wa zahanati apimwe pia na akina mama aliowazalisha, na mwalimu na wazazi wa watoto aliowafundisha. Tatu, sifa isiwe badala ya haki. Cheti hakijengi nyumba ya mwalimu wala hakilipi malimbikizo ya mshahara. Kumpigia makofi mtu huku tukimdhulumu ni unafiki, na umma unautambua haraka.

Makada na wanafunzi wanaosoma ukurasa huu watapangiwa kazi katika wilaya mbalimbali, nyingine mbali na lami. Wakumbuke kwamba Kasanga palikuwa na boma lenye nguvu, na halikudumu. Wakulima wa ntumba bado wapo. Kiongozi anayetaka kazi yake idumu aipeleke taarifa yake kwao, na akubali kupimwa nao.