Likasi katika Historia ya Wamarekani Weusi

Historia na utamaduni wa Wamarekani Weusi ni somo ambalo mwanafunzi wa chuo nchini Marekani huweza kulichukua kando ya fani yake kuu. Nafasi hiyo haikutolewa kwa hisani. Mgomo wa wanafunzi wa San Francisco State, ulioanza Novemba 1968 na kumalizika Machi 1969, ndio uliozaa idara ya kwanza ya taaluma hiyo. Katika miaka hiyohiyo wengi wao walitaka wafundishwe Kiswahili pia. Lakini Kiswahili walichokitazamia kilikuwa kile cha Tanzania ya Nyerere. Kiswahili cha kambi za Union Minière, kilichokomaa vinywani mwa wafanyakazi waliokusanywa kutoka Kasai, Rwanda, Burundi na kwingineko, aghalabu hakikutajwa. Upungufu huo si wa lugha peke yake.

Tuichukue Likasi, iliyoitwa Jadotville zama za Wabelgiji. Kiasi cha kilomita 20 kutoka mjini pana Shinkolobwe, mgodi ambao urani yake iligunduliwa mwaka 1915. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkuu wa Union Minière, alisafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo hadi New York, na Septemba 1942 jeshi la Marekani likayanunua. Sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka hapo.

Sasa tuyafuate mawe hayo ng'ambo. Huko Oak Ridge, Tennessee, palipojengwa viwanda vya kuirutubisha urani, vibarua weusi waliwekwa katika vibanda vya peke yao, hata mume na mke wakitenganishwa. Na mwanahisabati J. Ernest Wilkins, Mmarekani Mweusi aliyepata shahada ya uzamivu akiwa na umri wa miaka 19, aliufanyia kazi mradi huo Chicago kuanzia 1944. Wenzake walipohamishiwa Oak Ridge, yeye hakuweza kwenda, kwa kuwa sheria za ubaguzi za jimbo lile zilimzuia. Upande wa huku, mgomo wa wafanyakazi wa Union Minière wa Desemba 1941 uliigusa Jadotville pia, na kule Elisabethville askari waliwamiminia risasi wagomaji.

Hatudai kwamba hali hizi mbili zilikuwa sawa. Wilkins alikuwa na jina, na jina lake limo vitabuni. Mchimbaji wa Shinkolobwe alibeba mawe yale kwa mikono na hakuambiwa ni ya nini. Ndiyo maana somo linalomtaja wa kwanza na kumwacha wa pili hueleza nusu ya habari.

Kuna na jambo la pili, ambalo wengi hupenda kulipitia mbio: Wamarekani Weusi hawakuitazama Kongo kwa jicho moja. Tarehe 4 Agosti 1960 Ralph Bunche, Mmarekani Mweusi aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 1950, alifika Elisabethville kwa niaba ya Umoja wa Mataifa kujadiliana na Moïse Tshombe juu ya kuingia kwa majeshi ya Umoja huo Katanga. Lumumba aliuawa katika jimbo hilohilo tarehe 17 Januari 1961. Habari zilipotangazwa mwezi uliofuata, Wamarekani Weusi, miongoni mwao Maya Angelou na Abbey Lincoln, waliingia ukumbi wa Baraza la Usalama New York tarehe 15 Februari na kupaza sauti hadi wakatolewa kwa nguvu. Bunche aliomba radhi kwa kitendo chao. Mwandishi Lorraine Hansberry naye akaandika gazetini kumwomba radhi Pauline Lumumba, mjane wa marehemu, kwa ajili ya Bunche.

Radhi mbili, za watu wa asili moja, juu ya kifo kimoja kilichotokea Katanga: mwanafunzi wa Likasi atakayelichukua somo hili aanzie hapo, kabla hajafika kwenye merikebu za Atlantiki.