Washington: Tarehe ya Jina Moja

Msikilizaji wa redio wa Afrika Mashariki amelizoea jina hili tangu utotoni. Idhaa ya Kiswahili ya Sauti ya Amerika imelitaja kwa miongo mingi katika taarifa zake za habari, na magazeti ya Nairobi na Dar es Salaam yameandika mara zisizohesabika kwamba Washington imekubali, Washington imekataa, Washington imeonya. Mji mkuu wa Marekani umelifunika jina lenyewe, hata ni vigumu kukumbuka kwamba lilikuwako kabla ya mji huo kwa zaidi ya miaka mia sita, na kwamba limepita mikononi mwa maaskofu, wauza sufu, wakulima wa tumbaku, watumwa waliotoroka na watumwa waliopewa uhuru. Wengi walio nalo leo hawana nasaba yoyote na ukoo ulioanza nalo.

Washington ya kwanza katika habari hii ni kijiji cha kaskazini-mashariki mwa Uingereza, karibu na Sunderland. Kilikuwa chini ya askofu wa Durham, na askofu huyo alikuwa na mamlaka makubwa katika nchi ile, akigawa ardhi na kupokea utumishi wa wenye ardhi. Karibu na mwaka 1180 bwana mmoja aitwaye William de Hertburne alimwachia askofu shamba lake la Hertburn, akapewa kijiji hiki badala yake. Ilikuwa desturi ya mabwana wa zama hizo kuitwa kwa shamba wanalolimiliki, basi William akaliacha jina la Hertburne akaitwa wa Wessyngton, kama lilivyoandikwa wakati ule. Kwa hiyo kijiji ndicho kilichompa mtu jina. Kiko pia kusini, katika Sussex, kijiji kingine kiitwacho Washington, ambacho hakihusiani na William wala kizazi chake.

Ukoo ulikaa pale hadi 1613, shamba likauzwa likarudi kwa askofu. Kijiji hakikuondoka. Kilichimba makaa ya mawe kwa vizazi vingi, na mwaka 1964 serikali ikakitangaza kuwa mji mpya, zikajengwa nyumba za maelfu ya wafanyakazi. Nyumba kuukuu iliyosimama mahali pa makao ya William nusura ivunjwe katika miaka ya 1930. Wenyeji, wakiongozwa na mwalimu wa shule, wakachangishana na kuiokoa, na mwaka 1955 balozi wa Marekani akaja kuifungua. Rais Jimmy Carter alifika pale mwaka 1977. Nawastahi sana wenyeji wale. Hawakuwa na udugu wowote na George Washington, jenerali wa Marekani, lakini walijua kwamba jina hilo lilitoka kwao.

Tawi moja la ukoo lilikuwa limeshahama zamani kwenda Lancashire. Huko ndiko alikotoka Lawrence Washington, mfanyabiashara wa sufu aliyekuwa meya wa Northampton, ambaye mwaka 1539 alinunua shamba la Sulgrave, mali ya watawa iliyotwaliwa na Mfalme Henry wa Nane. Ngao ya ukoo ilikuwa na nyota tatu nyekundu juu ya mistari miwili myekundu, na alama hiyo hiyo imekuwa bendera ya mji mkuu wa Marekani tangu 1938. Utajiri wa Sulgrave haukudumu. Mjukuu wa vizazi vya baadaye, kasisi aliyeitwa Lawrence vilevile, aliondolewa parokiani kwake Purleigh mwaka 1643 wakati wa vita vya Bunge na Mfalme, akishtakiwa kwamba anakesha vilabuni. Familia ikafilisika. Mwanawe John akaenda baharini, na mwanzoni mwa 1657 chombo chake, kilichokwenda Virginia kuchukua tumbaku, kikakwama katika Mto Potomac. John hakurudi Uingereza. Akaoa huko na kupata ardhi, akamzaa Lawrence. Lawrence akamzaa Augustine. Na Augustine akamzaa George, tarehe 22 Februari 1732.

Habari za George Washington zimeandikwa kupita kiasi, na hapa linatosha jambo moja: hakuzaa. Alimwoa Martha Custis, mjane mwenye watoto wawili, akawalea hao, naye mwenyewe akafa mwaka 1799 bila mwana wala binti. Shamba lake la Mount Vernon lilirithiwa na mpwa wake. Ingekuwa majina hufuata damu tu, jina la rais wa kwanza lingebaki kwa wapwa na binamu wachache wa Virginia.

Badala yake lilienea kama moto wa nyikani, George mwenyewe akiwa angali hai. Mji mmoja wa North Carolina uliitwa Washington mnamo 1776, vita vya uhuru wa Marekani vikiwa vimeanza tu, na watu wa huko hadi leo hujivunia kutangulia wengine wote. Tarehe 9 Septemba 1791 makamishna watatu wa mji mkuu mpya walimwandikia mhandisi Pierre L'Enfant kwamba mji utaitwa Washington na wilaya yake Columbia. Miongoni mwa waliopima mipaka ya wilaya hiyo alikuwamo Benjamin Banneker, Mweusi huru wa Maryland aliyejifunza mwenyewe elimu ya nyota. Kisha zikafuata kaunti: leo Marekani ina kaunti 30 ziitwazo Washington, na moja zaidi katika Louisiana ambako kaunti huitwa parokia. Kuna mlima wa New Hampshire wenye kimo cha mita 1,917, ambako mwaka 1934 ulipimwa upepo wa kilomita 372 kwa saa. Katika Bahari ya Pasifiki nahodha Edmund Fanning alikiita kisiwa kimoja Washington mwaka 1798, lakini wenyeji wana jina lao, Teraina, na ndilo linalotumika sasa katika nchi ya Kiribati. Rasi ya Washington huko Antaktika isichanganywe na hizi: ilipewa jina la afisa wa jeshi la majini la Uingereza, John Washington.

Katika daftari za mwaka 1783, Waingereza waliposhindwa na kujiandaa kuondoka New York, limeandikwa jina la Harry Washington, umri miaka 43. Mtu huyu alizaliwa Afrika Magharibi, katika nchi za Mto Gambia, akauzwa ng'ambo, na mwaka 1763 George Washington akamnunua. Alifanyishwa kazi ya kukausha kinamasi kikubwa cha mpakani mwa Virginia na North Carolina, kisha Mount Vernon. Mwaka 1771 alitoroka, akakamatwa. Mwaka 1776 alitoroka tena, safari hii akawafikia Waingereza waliokuwa wakiahidi uhuru kwa mtumwa yeyote wa waasi atakayejiunga nao, naye akatumika katika kikosi chao cha Weusi hadi akapata cheo cha koplo. Jenerali alikuwa upande mmoja wa vita, na Harry upande wa pili, wote wakiitwa Washington.

Vita vilipokwisha, jenerali alikutana na kamanda wa Waingereza, Guy Carleton, mwezi Mei 1783, akadai watumwa warudishwe kwa wenyewe. Carleton akakataa: walikuwa wameahidiwa uhuru. Harry akapanda meli kwenda Nova Scotia, nchi ya baridi kali na ardhi ya mawe, ambako Weusi walipewa viwanja vibovu na wengine hawakupewa kabisa. Mwaka 1792, yeye na mkewe Jenny walikuwa miongoni mwa watu karibu 1,200 waliosafiri kwa merikebu 15 kwenda Sierra Leone, wakauanzisha mji wa Freetown. Hata huko hakutulia. Kampuni iliyotawala koloni ilidai kodi ya ardhi ambayo walowezi waliambiwa hawatatozwa, na mwaka 1800 wakaasi, wakadai kujitungia sheria. Wakashindwa. Harry alihukumiwa kuhamishwa hadi ng'ambo ya mto, Bullom, na huko waliohamishwa pamoja naye wakamfanya kiongozi wao. Mwaka uliotangulia, jenerali aliyemmiliki alikuwa amezikwa Virginia. Kwangu mimi, kati ya watu wote wa jina hili katika karne ile, Harry ndiye aliyepigania uhuru hadi mwisho, na mabara mawili ndiyo ushahidi wake. Shule zetu zinamfundisha George. Harry anastahili kufundishwa pamoja naye.

Wosia wa jenerali uliagiza watumwa wake 123 waachwe huru baada ya kifo cha Martha. Wengine 153 walikuwa mali ya urithi wa Custis, na sheria haikumpa uwezo wa kuwaachia. Martha hakusubiri: aliwaacha huru wale 123 tarehe 1 Januari 1801. Mamilioni waliobaki Kusini mwa Marekani walingoja hadi 1865, na siku ile ilipofika, mtu aliyekuwa akiitwa kwa jina moja tu alihitaji la pili, la kuandikishia ndoa, kazi, kiwanja na shule. Baadhi walichukua jina la bwana wao wa mwisho, wengine la bwana wa wazazi wao ili ndugu waliouzwa mbali wapate kuwatafuta, wengine walijichagulia. Katika sensa ya mwaka 2000, watu zaidi ya 160,000 walikuwa na Washington kama jina la ukoo, na takribani tisa kati ya kila kumi walikuwa Weusi. Jina la mwenye watumwa sasa ni jina la Weusi wa Marekani.

Mtoto mmoja alilijitwalia darasani. Alizaliwa mtumwa Virginia mwaka 1856, akajulikana kwa jina la Booker peke yake. Baada ya uhuru familia ilihamia Malden, kwenye machimbo ya chumvi, na siku aliyoingia shule akasikia wenzake wakiitwa kwa majina mawili mawili. Zamu yake ilipofika akamwambia mwalimu kwa utulivu kwamba anaitwa Booker Washington. Baba yake wa kambo aliitwa Washington, kwa jina la kwanza. Baadaye akagundua kwamba mama yake alikuwa amempa jina la Taliaferro, akaliweka katikati. Mwaka 1881 akaongoza chuo cha Tuskegee huko Alabama, kilichofundisha kazi za mikono, na sifa za chuo hicho zikafika kwetu: mwanasiasa Mkenya Harry Thuku alikiandikia kutoka Nairobi mwaka 1921 akiomba msaada wa elimu, na shule ya Jeanes iliyofunguliwa Kabete mwaka 1925 ilifuata mfano wake. Serikali ya kikoloni ilipenda elimu ile ya mikono kwa sababu zake yenyewe, tofauti na za Thuku.

Kaskazini-magharibi ya mbali, walowezi waliokaa kaskazini mwa Mto Columbia walikutana Novemba 1852 wakaomba jimbo lao litenganishwe na Oregon na liitwe Columbia. Bungeni, Richard Stanton wa Kentucky akasema iko tayari Wilaya ya Columbia, watu watachanganyikiwa, basi liitwe Washington. Likapitishwa mwaka 1853, na tangu hapo imebidi kueleza kila mara ni Washington ipi, ya mashariki au ya magharibi.

Wakati huo alikuwako huko Mweusi aliyeitwa George Washington. Alizaliwa Virginia mwaka 1817, baba mtumwa na mama mzungu, akalelewa na mume na mke wazungu wa ukoo wa Cochran, akasafiri nao hadi magharibi mwaka 1850. Sheria za Oregon zilikataza Weusi kukaa na kumiliki ardhi, kwa hiyo Cochran akaandikisha kiwanja kwa jina lake. Jimbo jipya halikuwa na katazo hilo, na George akakinunua kutoka kwa mlezi wake. Reli ilipopita shambani kwake aliona pa kujenga mji. Tarehe 8 Januari 1875 yeye na mkewe Mary Jane waliandikisha ramani ya mitaa wakauita Centerville. Kwa kuwa jimbo lilikuwa na Centerville nyingine na barua zilipotea, mwaka 1883 ukabadilishwa kuwa Centralia. Uchumi ulipoanguka mwaka 1893, George alileta chakula kwa mkokoteni kutoka Portland, akawakopesha watu bila riba, akanunua nyumba zilizokuwa zinapigwa mnada ili wenyewe wasifukuzwe. Alipofariki mwaka 1905, mji ulisimamisha shughuli zake.

Kama jina la kwanza, Washington limetembea zaidi. Mwandishi Washington Irving, aliyezaliwa New York mwaka 1783, alipewa jina la jenerali, na uzeeni akaandika maisha ya jenerali huyo kwa juzuu tano. Brazil ilitawaliwa na rais Washington Luís kuanzia 1926 hadi 1930. Kwetu, wazazi wa Nyanza wamewabatiza wana wao jina hilo tangu enzi za ukoloni, na mmoja wao alikuwa Washington Okumu, mchumi wa Kenya. Aprili 1994 wasuluhishi wakubwa, akina Henry Kissinger na Lord Carrington, walishindwa kusuluhisha huko Afrika Kusini wakaondoka. Okumu alibaki, akamfuata Mangosuthu Buthelezi, kiongozi wa chama cha Inkatha kilichokuwa kimesusia uchaguzi, na tarehe 19 mwezi huo chama hicho kikakubali kuingia katika uchaguzi, siku chache kabla ya kura. Watu waliokuwa wakiuana Natal wakapanga foleni moja.

Mji mkuu wenyewe una wakazi karibu 700,000, wengi kuliko majimbo ya Vermont na Wyoming, lakini hauna seneta, na mjumbe wake katika Baraza la Wawakilishi haruhusiwi kupiga kura ya kupitisha sheria. Mnamo Novemba 2016 zaidi ya watano kati ya kila sita waliopiga kura walitaka uwe jimbo. Herufi D na C zinazofuata jina la mji zingebaki, lakini zingewakilisha maneno mengine: Douglass Commonwealth, yaani Jumuiya ya Douglass, kwa heshima ya Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa Maryland, akabadili jina alipotoroka, na akaishi miaka yake ya mwisho juu ya kilima cha Anacostia katika mji huo. Baraza la Wawakilishi lilipitisha mswada wa kuufanya mji huo jimbo Juni 2020 na tena Aprili 2021; Baraza la Seneti halikuupigia kura.