Sabule: Malazi ya Mgeni katika Nyumba za Kale za Amu

Msafiri atokaye ng'ambo akifika Amu leo aweza kupanga nyumba nzima ya mawe katika mtaa wa Mkomani, kwa siku tatu au kwa mwezi, akapewa ufunguo na kulala chumba akipendacho. Wengi hudhani kwamba hayo ni ukarimu wa kale ulioendelea. Majengo ni ya kale kweli, na mengi yaliyosalia ni ya karne ya 18. Lakini desturi ya malazi imepinduka, na upinduzi huo waonekana zaidi katika chumba kimoja, nacho ni sabule.

Ushahidi ulio wazi wa malazi ya wageni katika pwani hii watoka Mogadishu, alikofika Ibn Battuta mwaka 1331. Asimulia kwamba jahazi lilipowasili, vijana walilijia kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, akampa mfanyabiashara mmoja na kutangaza kuwa huyo ni mgeni wake. Tangu hapo mgeni hakulala ila kwa mwenyeji huyo, naye ndiye aliyemuuzia na kumnunulia bidhaa. Aliyenunua kwake kwa bei ya chini, au akamuuzia bila mwenyeji kuwapo, biashara yake haikukubaliwa. Basi chakula kile hakikuwa ukarimu mtupu. Kilikuwa mwanzo wa dhamana. Ibn Battuta mwenyewe, kwa kuwa alikuwa mwanachuoni, alichukuliwa kwanza kwa Sultani, kisha akapewa malazi katika nyumba ya wanafunzi.

Amu haimo katika masimulizi yake, lakini nyumba zake zaonyesha desturi iliyo jamaa ya hiyo. Mgeni hupita daka, kisha tekani, ambayo hupinda ili macho ya njiani yasifike kiwandani. Karibu na hapo ndipo ilipo sabule. Mfanyabiashara aliyeletwa na kaskazi alikaa humo miezi, akingoja kusi imrudishe kwao. (Methali ya kumpa mgeni jembe siku ya tatu ni ya mashambani, bandarini isingefaa.) Alikula chakula cha nyumba, na pengine akaoa, lakini hakuvuka kiwanda bila ruhusa. Upande wa pili ilikuwapo misana, na nyuma yake ndani, chumba cha mwenye nyumba wa kike, chenye zidaka za chokaa ukutani. Upana wa vyumba hivi hauzidi mita 3 hivi, kwa kuwa wafuata urefu wa boriti za mikoko. Nyuma zaidi ni nyumba ya kati, palipozaliwa watoto na kuoshwa maiti.

Tena nyumba, kwa desturi ya Waamu wa ukoo, ilikuwa ya binti: baba alimpa alipoolewa, na mume ndiye aliyehamia. Kwa hiyo mpaka wa sabule haukulinda faragha tu, bali ulilinda milki na heshima ya mwanamke.

Mpangaji wa leo hulala ndani, chini ya zidaka zile zile, na sabule huwekwa mizigo. Si kosa lake. Amelipa kodi ya nyumba yote. Neno "mwenyeji" lina maana mbili, mtu wa mahali na mtu apokeaye wageni, na zamani maana hizo zilikutana katika mtu mmoja. Sasa zimetengana: nyumba nyingi zimenunuliwa na watu wa nje, na apokeaye mgeni gatini na kumpikia ni mtu wa Amu aliyeajiriwa.

Haifai hata hivyo kuilaumu kodi kwa kila jambo. Nyumba ya mawe na chokaa iliyoachwa bila kutengenezwa huvuja, boriti zikaoza, dari ikaanguka, na fedha za wageni zimeezeka mapaa mengi ambayo biashara ya majahazi haikuweza tena kuyaezeka. Mwaka 2001 mji huo uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Lakini kinachohifadhiwa kwa njia hiyo ni kuta. Binti ambaye nyumba ya mamaye imeuzwa hana ndani ya kurithi, hata kama zidaka zake zimepakwa chokaa upya.

Lugha nayo imekwenda njia yake. Katika Kiswahili sanifu "sebule" ni chumba cha mazungumzo, wanamokaa wenye nyumba wenyewe, na mgeni hukaribishwa humo kwa saa moja au mbili. Maana ya kulala imetoka katika neno.