Mkalimani wa Kiajemi na Sheria za Bengal, 1772–1798

Mtafiti wa elimu ya jamii atafutaye mkalimani wa Kiajemi na Kiingereza aghalabu huuliza swali moja: je, mtu huyu azijua lugha zote mbili? Historia ya Bengal katika karne ya 18 yaonyesha kwamba swali hilo, ingawa ni la lazima, halitoshi.

Mwaka 1765 mfalme Shah Alam II aliipa Kampuni ya Kiingereza ya India ya Mashariki udiwani wa Bengal, Bihar na Orissa, yaani haki ya kukusanya kodi. Msomaji wa Kiswahili alizoeaye diwani kuwa mjumbe wa baraza, au kuwa mkusanyo wa mashairi, ataona mara moja jinsi neno moja la Kiajemi liwezavyo kumpotosha mfasiri. Hesabu za kodi ziliandikwa kwa lugha hiyo, nayo ilidumu katika mahakama hadi sheria ya mwaka 1837 ilipoiondoa. Hivyo maofisa wa Kampuni walimtegemea munshi.

Mwaka 1772 Gavana Warren Hastings aliamua kwamba katika mambo ya urithi na ndoa Wahindu wahukumiwe kwa sheria zao wenyewe. Mapandita 11 walikusanywa Calcutta, wakatunga kitabu cha sheria kwa Kisanskriti. Ilipofika zamu ya kukifasiri, njia ikawa ndefu: maneno ya Kisanskriti yalielezwa kwa mdomo kwa Kibengali, munshi akayaandika kwa Kiajemi, na Nathaniel Halhed akayatia katika Kiingereza. Kitabu kilichapishwa London mwaka 1776.

William Jones, aliyefika Calcutta mwaka 1783 kuwa hakimu, hakuwa mgeni wa Kiajemi; sarufi yake ya lugha hiyo ilitoka mwaka 1771. Katika barua aliyomwandikia Gavana Cornwallis mwaka 1788, alikiri kwamba Halhed alifanya kazi yake kwa uaminifu. Kasoro aliiona katika Kiajemi: kilikuwa muhtasari tu, na vifungu vya maana vilikuwa vimeachwa.

Jambo hilo halikuwa la wanazuoni peke yao. Kifungu kinachoachwa katika sheria ya urithi chaweza kuwa fungu la mjane au la ndugu mdogo, na hakimu asomaye Kiingereza hana njia ya kujua kwamba kuna kilichopungua. Wala si haki kumtwisha munshi lawama zote. Aliajiriwa kwa ajili ya Kiajemi chake, kisha akakabidhiwa maelezo ya mdomo badala ya maandishi yenyewe.

Jones alianza kujifunza Kisanskriti mwaka 1785. Alifariki mwaka 1794, na mkusanyo mpya wa sheria aliouanzisha ukafasiriwa na Henry Colebrooke moja kwa moja kutoka Kisanskriti, ukatoka mwaka 1798.

Si kila mtafiti awezaye kufuata njia ya Jones. Lakini kila mtafiti aweza kuuliza, kabla ya kumwajiri mkalimani: maneno haya yamepita katika vinywa vingapi, na ni nani awezaye kuyalinganisha na asili yake? Kiswahili kingali humwita bingwa wa lugha munshi. Heshima hiyo yamstahili mtu aliyepewa asili ya kazi yake mkononi.