Baada ya Ruhusa ya Hospitali: Ufuatiliaji wa Vijana Waliopona Saratani, Kagondo na Magharibi ya Ziwa Viktoria, 1958 hadi Sasa

Historia ya saratani katika Afrika Mashariki imeandikwa kwa sehemu kubwa kuwa historia ya ugunduzi, ya dawa na ya majengo. Mgonjwa huingia katika maandishi hayo anapougua, na hutoka anapofariki au anaporuhusiwa kurudi nyumbani. Kijana aliyepona hubaki tarakimu katika safu ya walio hai. Makala haya yanaanzia pale maandishi mengi yanapoishia, kwa kuitazama Kagondo na vijiji vinavyoizunguka. Hoja yake ni kwamba afya ya kijana baada ya saratani imetegemea sana kuwapo kwa mtu mwenye wajibu wa kumtafuta akishatoka wodini. Katika ukanda huu wajibu huo ulijengwa kwanza na watafiti, ukakatizwa na siasa za mpaka, kisha ukaachiwa familia.

Jina lenyewe linahitaji maelezo. Ipo kata ya Kagondo katika Manispaa ya Bukoba, na ipo Kagondo ya Muleba, yenye hospitali ya Kanisa Katoliki. Kwa kuwa Muleba ilimegwa kutoka Wilaya ya Bukoba, anwani ya "Kagondo, Bukoba" katika jalada la zamani yaweza kuelekeza kokote kati ya huku na kule. Jambo hili laonekana dogo, lakini kwa anayemtafuta mtoto aliyetibiwa miaka mitatu iliyopita si dogo hata kidogo.

Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya uliowapata watoto. Alisambaza vipeperushi vyenye picha kwa hospitali za serikali na za misheni barani Afrika, akiuliza kama uvimbe wa namna ile umeonekana. Oktoba 1961 alianza safari ya gari ya wiki kumi pamoja na Edward Williams na Clifford Nelson, takribani maili 10,000, kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika na kurudi. Ramani iliyopatikana ilihusisha ugonjwa na joto, mvua na mwinuko wa nchi: uvimbe ulionekana katika nyanda zenye joto na unyevu, ukawa nadra katika milima ya Rwanda na Burundi. Ilikuwa kazi kubwa. Hata hivyo, swali lililopelekwa hospitalini lilikuwa ni wapi uvimbe umeonekana, wala si nini kilimpata mtoto baadaye. Wakati huo swali la pili lilikuwa na majibu machache ya kutia moyo.

Majibu yalianza kubadilika mapema katika miaka ya 1960, ilipobainika kuwa baadhi ya watoto walipona kabisa kwa dozi chache za dawa kama cyclophosphamide na methotrexate. Mwaka 1967 kilifunguliwa huko Mulago kituo cha kutibu limfoma, kwa ushirikiano na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, kikiongozwa na John Ziegler. Kituo hicho ndicho chimbuko la Taasisi ya Saratani ya Uganda. Watumishi wake walitoka kwa magari kwenda vijijini kuwatafuta watoto walioruhusiwa. Sababu ya kwanza ilikuwa ya kitakwimu, kwani mtoto asiyerudi kliniki hawezi kuhesabiwa kuwa amepona wala kuwa amefariki. Lakini matokeo yake yalizidi takwimu. Ziegler na wenzake waligundua kwamba ugonjwa uliorudi mapema, ndani ya miezi michache, mara nyingi haukusikia dawa tena, ilhali uliorudi baadaye uliweza kutibiwa upya na mtoto akapona. Kwa hiyo gari lililofika kijijini kwa ajili ya kujaza jedwali liliweza kuokoa maisha. Wanahistoria wanaouona utafiti wa kipindi kile kuwa ni uchimbaji wa data tu wana haki kwa kiasi fulani, ila hulipita jambo hili upesi mno. Burkitt na Ziegler walikuwa miongoni mwa waliotunukiwa Tuzo ya Lasker mwaka 1972.

Kwa mkazi wa Kagondo, Kampala ilikuwa karibu kuliko Dar es Salaam. Barabara kutoka Bukoba ilipita Kyaka na Mutukula hadi Masaka, njia iliyozoeleka na wafanyabiashara, wanafunzi na wagonjwa. Ukaribu huo uliharibiwa kwa hatua. Idi Amin alitwaa madaraka mwaka 1971. Katika miaka iliyofuata wataalamu wa Kimarekani waliondoka Mulago, na Charles Olweny na wenzake wakaendelea na kazi kwa dawa chache. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivamia kaskazini ya mkoa, na daraja la Kyaka likabomolewa. Baada ya vita, mwaka 1979, Mkoa wa Ziwa Magharibi ukaitwa Kagera. Vita hivyo hukumbukwa kwa mashujaa wake na kwa mali iliyoporwa. Hukumbukwa kwa nadra kuwa vilikata njia ya rufaa.

Baada ya hapo dira ya mgonjwa ilielekea mashariki na kusini. Tiba ya saratani ilijengwa Ocean Road, Dar es Salaam, katika hospitali iliyofunguliwa na Wajerumani mwaka 1897 na kufanywa taasisi kamili mwaka 1996. Huduma ya watoto ilihamishiwa baadaye Muhimbili, ambako shirika la Tumaini la Maisha limesaidia familia zinazotoka mbali. Hospitali ya Bugando, Mwanza, iliyofunguliwa mwaka 1971, imejenga idara yake ya saratani na huduma ya mionzi katika karne hii. Kutoka Kagondo, Mwanza hufikiwa kwa basi kuzunguka ziwa au kwa meli kupitia Kemondo. Meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, na tangu hapo neno "manusura" mkoani Kagera huwakumbusha wengi watu walioopolewa majini. Neno hilo halimtoshi sana kijana wa saratani, kwa sababu hubeba maana ya tukio lililokwisha.

Kijiji nacho kina asasi zake. Vyama vya kuzikana na kusaidiana vimeenea Buhaya, vikiwa na daftari, michango na adhabu kwa asiyehudhuria. Vyama hivyo huifahamu vyema kazi ya msiba, na baadhi husaidia mgonjwa aliyelazwa. Aliyerudi akitembea kwa miguu yake hana fungu katika daftari. UKIMWI, ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, ulileta mfano mwingine. WAMATA, iliyoanzishwa mwaka 1989 na Theresa Kaijage, ilijengwa juu ya wazo kwamba anayeishi na ugonjwa na jamaa zake wanahitaji ushauri na kutembelewa. Kliniki za dawa za kufubaza virusi zilizofuata ziliwapa watu kadi, tarehe ya kurudi, na mhudumu wa kumfuata asiyefika. Hiyo ndiyo mbinu ya Mulago ya mwaka 1967, safari hii ikitumika kwa ugonjwa mwingine. Kijana aliyepona saratani hupita mbele ya mlango wa kliniki hiyo bila kuwa na kadi.

Mahitaji yake si ya kufikirika. Baadhi ya dawa zilizomponya zaweza kudhoofisha moyo miaka mingi baadaye. Cyclophosphamide kwa dozi kubwa yaweza kuathiri uzazi, na kinga ya chanjo za utotoni yaweza kupungua kiasi cha kuhitaji kurudiwa. Aliyeondolewa jicho au mguu huhitaji kifaa kinachobadilishwa kadiri anavyokua. Buhaya, ambako kibanja hurithiwa ndani ya ukoo, swali la uzazi haliishii kliniki. Huingia katika posa na katika kikao cha urithi, na mara nyingi huulizwa na wazee kabla daktari hajapata nafasi ya kulijibu. Endapo sehemu ya kibanja iliuzwa kugharimia matibabu, kijana hurudi katika nyumba ambayo kupona kwake kuna bei inayojulikana na ndugu wote.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2018 lengo la kufikisha angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani wanaopona ifikapo mwaka 2030. Kwa Kagera, lengo hilo likitimia litamaanisha vijana wengi zaidi kurudi vijijini. Hospitali zilizo karibu nao katika Muleba ni Kagondo, Rubya na Ndolage, zote zikiwa na asili ya misheni. Homa ya kijana wa Kagondo aliyemaliza tibakemikali hupimwa kwanza malaria, na ni haki ipimwe hivyo. Ila iwapo muhtasari wa dawa alizopewa umebaki katika jalada Mwanza, tabibu aliye mbele yake hana njia ya kujua kwamba uvimbe mdogo wa shingoni unastahili kupewa rufaa wiki hiyohiyo.